Elimu kwa Vijana Wote: Msichana na Mtoto wa Mikoa ya Pembezoni Wamesahauliwaje?

(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei katika semina ya Haki na Amani)



 Nawashukuru kwa kuitikia mwito wa Tume yetu. Wengine mmetoka vigango vya mbali, mmeacha mashamba na biashara zenu, na baadhi yenu mmetembea tangu alfajiri. Basi nitajitahidi nisiwapotezee muda.

Mada niliyopewa inahusu vijana wetu na elimu. Tume ingeweza kuniomba niseme kwa jumla kwamba elimu ni jambo jema, lakini hilo mnalijua kuliko mimi, maana ninyi ndio mnaouza mbuzi na magunia ya mahindi ili watoto wasome. Swali tunalotaka kulitafakari leo ni gumu zaidi: ni nani anayepata elimu hiyo, na ni nani anayebaki nje? Hali kadhalika, yule anayebaki nje, je, amebaki kwa bahati mbaya, kwa uvivu wake, au kwa sababu sisi tulio ndani tumekaa mlangoni?

1. TUNAPOSEMA HAKI, TUNA MAANA GANI?

Katika Tamko lake juu ya Malezi ya Kikristo, lililotolewa mwezi Oktoba mwaka 1965, Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano ulifundisha kwamba kila binadamu anayo haki ya kuelimishwa, na kwamba msingi wa haki hiyo ni utu wake. Mtaguso haukutaja kabila lake, mali ya baba yake wala jinsia yake kuwa sharti. Majuma machache baadaye, katika Hati juu ya Kanisa katika Ulimwengu wa Leo, Mtaguso huo huo ulihuzunika kuona kwamba mwanamke bado ananyimwa katika sehemu nyingi nafasi ya elimu iliyo sawa na ile anayopewa mwanamume. Naye Papa Paulo VI, katika waraka wake wa mwaka 1967 juu ya maendeleo ya watu, alilinganisha njaa ya elimu na njaa ya chakula.

Katiba ya nchi yetu, katika ibara ya 11, inatambua haki ya mtu kujielimisha, na inaitaka Serikali ihakikishe kwamba watu wote wanapata fursa sawa na za kutosha. Aidha, mwaka 1991 Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989. Kwa hiyo mambo tunayozungumza hapa si sadaka wala hisani. Ni deni.

Lakini tuwe waangalifu na neno “sawa”. Tukigawa kipimo kimoja cha unga kwa familia ya watu wawili na kwa familia ya watu kumi, tumetoa sawa, ila hatukutenda haki. Mpango wa elimu bila ada ulipoanza mwaka 2016, ruzuku iliyopangwa ilikuwa Sh 10,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi, na Sh 25,000 kwa kila mwanafunzi wa sekondari. Kiwango kilikuwa kimoja nchi nzima. Katika mtaa wa mjini ambako wazazi wana mishahara, fedha hiyo ni nyongeza tu juu ya wanayochanga wenyewe, juu ya masomo ya ziada, vitabu vya kununua na taa ya umeme usiku. Katika kijiji kilicho kilomita 80 kutoka makao makuu ya wilaya, fedha hiyo hiyo ndiyo yote iliyopo. Kipimo ni sawa, lakini watoto hawa wawili hawaanzi safari mahali pamoja.

2. TOFAUTI ZA MIKOA ZILITOKA WAPI?

Watu husema kwamba kabila fulani wana akili za shule na kabila fulani hawapendi kusoma. Wapendwa, hayo si kweli, na kwa Mkristo ni dhambi kuyaamini. Historia inatueleza mambo kwa namna nyingine.

Shule za kwanza za kizungu katika nchi yetu zilifuata njia za wamisionari na njia za biashara. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, na mwanzoni mwa miaka ya 1890 walikuwa wamekwisha kufika Kilema, Kilimanjaro. Wamisionari wa Afrika walianzisha misheni ya Kashozi, karibu na Bukoba, mwaka 1892. Walutheri nao walijenga Machame. Palipokuwa na misheni palikuwa na shule. Lakini misheni peke yake haikutosha. Wabenediktini walikuwa Peramiho tangu mwaka 1898 na Ndanda tangu mwaka 1906, na walifanya kazi kubwa ya kusifiwa. Hata hivyo kusini hakukuinuka kwa kasi ile ile.

Sababu kubwa ilikuwa uchumi. Kilimanjaro na Bukoba kulikuwa na kahawa. Mkulima aliuza kahawa yake kupitia ushirika, kama ule wa KNCU uliosajiliwa mwaka 1933, na fedha ilirudi nyumbani ikalipa ada. Mikoa kama Kigoma na sehemu za Songea ilifanywa kuwa chimbuko la vibarua. Wanaume waliondoka kwenda kukata mkonge Tanga, wakaitwa manamba, na kijijini walibaki wanawake, wazee na watoto. Ni nani angemlipia mtoto ada? Huko Pwani, wazazi wengi Waislamu walisita kuwapeleka watoto wao katika shule za misheni, kwa hofu kwamba wangebadilishwa dini, na serikali ya kikoloni haikuwapa shule nyingine za kutosha. Waingereza walipofungua shule ya Tabora katika miaka ya 1920, waliwalenga kwanza wana wa machifu. Mnaona basi jinsi mtu alivyosoma au kukosa kusoma kwa sababu ya mahali alipozaliwa, dini ya wazazi wake, na zao lililoota katika udongo wake. Mtoto hakuchagua hata kimoja kati ya hivyo.

3. JUHUDI TANGU UHURU

Tulipopata Uhuru mwaka 1961, nchi nzima ilikuwa na wanafunzi wa shule za msingi wapatao 486,000 tu. Uongozi wa Mwalimu Nyerere uliona hatari ya taifa kugawanyika kati ya waliosoma na wasiosoma. Ndipo likaja azimio la Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, na sheria ya mwaka 1969 iliyoweka shule nyingi za mashirika ya dini chini ya Serikali, ili mtoto asikataliwe kwa sababu ya dini yake. Kisha, kwa uamuzi uliofanyika Musoma mwaka 1974, Elimu ya Msingi kwa Wote ilianza kutekelezwa mwaka 1977, na Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikamlazimisha mzazi kumwandikisha mtoto. Kwa mara ya kwanza, mtoto wa Kibondo na mtoto wa Moshi walikaa darasa la kwanza mwaka mmoja, tena msichana na mvulana kwa idadi iliyokaribiana. Jambo hilo tusilidharau kamwe.

Hata hivyo nafasi za sekondari zilikuwa chache mno. Katika miaka ya 1980, kati ya watoto 100 waliomaliza darasa la saba, hawakufika hata 10 waliopata nafasi katika sekondari za Serikali. Serikali iliweka mgawo wa nafasi kwa mikoa ili walio nyuma wasiachwe kabisa. Ulikuwa uamuzi wa haki. Lakini mikoa yenye kipato ilifanya nini? Wazazi, vyama vya ushirika na makanisa ya huko walijenga sekondari za binafsi, na Kilimanjaro ikaongoza. Hatuwezi kuwalaumu wazazi kwa kujenga shule. Tunachopaswa kuona ni kwamba mgawo ulifungua mlango mdogo kwa maskini, na wenye uwezo wakajijengea mlango mwingine mkubwa pembeni.

Baadaye uchumi ulitetereka, ada na michango vikarudi, na watoto wengi wakatoweka shuleni. Mpango wa MMEM ulioanza mwaka 2002 ulifuta ada ya shule za msingi na madarasa yakafurika. Zikafuata sekondari za kata. Mwaka 2016 ikafutwa ada ya sekondari hadi kidato cha nne, ambayo ilikuwa Sh 20,000 kwa shule za kutwa na Sh 70,000 kwa shule za bweni. Na katika mwaka wa fedha 2022/23 ada ya kidato cha tano na cha sita nayo ikafutwa.

Tunajifunza nini? Tunajifunza kwamba tofauti si mapenzi ya Mungu, kwa maana kila palipokuwa na nia, pengo lilipungua. Tena tunajifunza kwamba kufuta ada hakufuti umbali, wala njaa, wala mila, wala upungufu wa walimu. Mwalimu anayepangiwa kijiji kisicho na nyumba ya kuishi, maji wala barabara, hufanya kila awezalo ahamie mjini, na mara nyingi aliye na ndugu mwenye cheo hufanikiwa. Na mtoto aliyefundishwa kwa Kiswahili miaka saba huingia kidato cha kwanza na kukuta masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Mtoto wa mjini alishakisikia Kiingereza tangu chekechea ya kulipia. Mtoto wa kijijini hukutana nacho kama lugha ya kufundishia siku hiyo, kisha hufanya mtihani ule ule, na matokeo yakitoka tunasema hana akili.

4. MSICHANA: MLANGO UNAOFUNGWA NJIANI

Wapo watakaosema, “Padre, mbona wasichana wanaandikishwa sawa na wavulana?” Ni kweli. Katika shule za msingi idadi yao inalingana, na katika sekondari za chini vilevile wako wengi. Namshukuru Mungu. Lakini tusihesabu wanaoingia tu, tuhesabu na wanaotoka. Kadiri ngazi inavyopanda, hasa katika masomo ya sayansi na uhandisi, ndivyo madawati ya wasichana yanavyopungua. Wanapotelea wapi?

Kwanza, umbali. Chukueni binti anayeishi kilomita 5 kutoka sekondari ya kata. Kwenda na kurudi ni kilomita 10. Mwaka wa masomo una siku 194. Kwa mwaka mmoja binti huyo hutembea kilomita 1,940, ambazo ni zaidi ya safari ya barabara kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza. Hutembea akiwa na njaa, mara nyingi baada ya kuchota maji na kufagia uwanja, na njiani hukutana na kijana wa bodaboda anayempa lifti. Lifti ya kwanza ni bure. Kwa kuogopa umbali huo, wazazi wengine humpangia chumba karibu na shule, ndiyo hayo magheto tunayoyajua, na msichana wa miaka 14 huanza kuishi peke yake, akipewa debe la mahindi la mwezi mzima. Tusishangae yanayofuata.

Pili, usafi na staha. Kanuni ya Serikali ilitaka tundu moja la choo kwa wasichana 20, na moja kwa wavulana 25. Piteni katika shule za kata yenu mkahesabu. Msichana aliyekomaa, pasipo maji, mlango wala taulo ya kike, hubaki nyumbani siku kadhaa kila mwezi. Ukijumlisha siku hizo kwa miaka minne utaona amekosa majuma mangapi ya masomo, huku hakuna aliyeandika popote kwamba amefukuzwa.

Tatu, ndoa na mimba za utotoni. Utafiti wa kitaifa wa afya ya jamii wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba kati ya wasichana 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19, wasichana 27 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa na mimba. Katika Mkoa wa Katavi walikuwa 45, na Tabora 43. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba hesabu ya nchi nzima ilikuwa imeshuka hadi 22. Hiyo ni nafuu, lakini bado ni zaidi ya msichana mmoja katika kila watano. Tazameni pia jinsi jinsia na mkoa vinavyoungana hapa: ni mzigo mmoja juu ya mwingine, kichwani pa mtoto yule yule.

Nne, fikra zetu. Fedha ikitosha mtoto mmoja, anasomeshwa nani? Wengi watasema wa kiume, kwa kuwa wa kike “ataolewa, atanufaisha ukoo wa watu wengine”. Kuna sehemu ambako binti akishachezwa unyago huhesabiwa mtu mzima, na kuna sehemu ambako ng'ombe wa mahari ya dada ndio wanaomwolea kaka. Siwaambii mdharau mila za wazee wetu. Unyago ulikuwa shule, ulifundisha heshima na kazi. Nasema tu kwamba mila iliyowekwa kwa ajili ya kumlea mtoto isigeuzwe kuwa sababu ya kumuuza. Baadhi ya wazee wameonyesha hekima kwa kupanga sherehe hizo wakati wa likizo na kuzitenganisha na mambo ya ndoa. Hao tuwaige.

Katika Injili ya Luka, sura ya 10, tunamsoma Maria wa Bethania ameketi miguuni pa Bwana akimsikiliza. Katika desturi za wakati ule, kuketi miguuni pa mwalimu ilikuwa nafasi ya mwanafunzi. Dada yake alimtaka arudi jikoni. Bwana alimtetea. Kila tunapomwambia binti afunge daftari akapike ilhali kaka yake anaendelea kusoma, tukumbuke Yesu alisimama upande gani.

5. NA KIJANA WA KIUME JE?

Haki haina upendeleo, kwa hiyo lazima niseme na habari za wavulana. Huko Longido, Ngorongoro na Simanjiro, mvulana huchunga ng'ombe tangu utotoni, na ukame ukija familia nzima huhama na shule hubaki nyuma. Kandokando ya Ziwa Victoria mvulana huvutwa na uvuvi. Geita na Mererani huvutwa na machimbo. Mjini huvutwa na pikipiki ya mkataba. Huona fedha ya leo na kusahau mwaka kesho. Kumwinua msichana si kumwangusha mvulana. Kijana wa kiume asiye na elimu ndiye atakayekuwa baba wa binti asiyepelekwa shule.

6. SHERIA ZINASEMA NINI?

Viongozi wa walei yafaa mjue sheria, maana mnaulizwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya wazazi, na hata wa miaka 14 kwa ruhusa ya mahakama, lakini mvulana ilimtaka awe na miaka 18. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, iliamua kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo. Mwaka huo huo wa 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, ikaweka adhabu ya kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi, na ikakataza ndoa ya mwanafunzi. Novemba 2021 Wizara ya Elimu ilitoa Waraka Na. 2 unaowaruhusu wanafunzi walioacha shule, wakiwamo wasichana waliojifungua, kurudi darasani.

Lakini kijijini nini hutokea? Familia mbili hukaa chini ya mti, mwenyekiti akawepo, ng'ombe wawili wakatolewa, shauri likafutwa. Inapofika mahakamani, msichana haonekani, amepelekwa kwa shangazi yake mkoa mwingine. Ndugu zangu, yasikitisha kwamba chini ya mti ule mara nyingine hukaa na waamini wetu, watu wa kukomunika. Hayo si mapatano. Ni rushwa inayolipwa kwa mwili wa mtoto.

Kuhusu msichana aliyejifungua, najua kwamba kati yenu wapo wanaoogopa kuwa akirudi shuleni atawafundisha wenzake tabia mbaya. Naiheshimu hofu ya mzazi. Lakini tujiulize: adhabu hii tunampa nani? Mwanamume aliyempa mimba huendelea na kazi yake. Mtoto aliyezaliwa hakukosa lolote. Tukimfungia mama yake elimu, tumemhukumu na yeye kwa umaskini kabla hajajua kutembea. Kanisa linafundisha kwamba mimba isitolewe, na linafundisha hivyo kwa haki. Basi Kanisa hilo hilo haliwezi kumwacha peke yake binti aliyekubali kuzaa. Mwenye kutetea uhai wa mtoto tumboni na atetee pia daftari la mama yake.

7. SHULE ZETU WENYEWE

Siwezi kunyoosha kidole kwa Serikali na kwa wanakijiji nikaacha nyumba yetu. Shule za Kanisa zimefanya makuu kwa wasichana. Wengi wanamkumbuka Marian College ya Morogoro, iliyokuwa ya Masista wa Maryknoll na ambayo leo ni Sekondari ya Kilakala. Jina la St. Francis ya Mbeya, shule ya wasichana, lilizoeleka kusomwa kileleni mwa matokeo ya kidato cha nne wakati shule zilipokuwa zikipangwa kwa ufaulu. Huko Arusha, mwaka 1999, Masista wa Maryknoll walianzisha kituo cha Emusoi kinachowaandaa mabinti wa wafugaji kuingia sekondari. Na wenzetu Walutheri walikuwa wamekwisha kufungua sekondari ya mabinti wa Kimasai huko Monduli mwaka 1995. Shule hizi zimefuta uongo kwamba msichana hawezi.

Lakini tuulizane kwa upole na ukweli: nani anasoma katika shule zetu nyingi leo? Ada ya shule ya bweni ya Kanisa yaweza kuzidi mapato yote ya mwaka ya mkulima wa jembe la mkono. Najua walimu wanataka mishahara na jiko linataka kuni. Hata hivyo wamisionari hawakuja kuwasomesha watoto wa matajiri. Shule ikiitwa Katoliki na mtoto wa kigango jirani hajawahi kuingia langoni mwake isipokuwa kuuza ndizi, Tume ya Haki na Amani inao wajibu wa kuuliza.

8. TUFANYE NINI PAROKIANI?

Wapendwa, mkono mmoja haulei mwana. Natoa mapendekezo sita, yote yakiwa ndani ya uwezo wetu.

(a) Daftari la jumuiya. Kila jumuiya ndogondogo iandike watoto wote wa eneo lake wenye miaka 6 hadi 18, bila kujali dini: jina, shule, darasa, na kama ameacha, sababu. Daftari lisomwe mbele ya viongozi kila baada ya miezi mitatu. Mchungaji aliyewaacha kondoo 99 alijua kwamba mmoja amepotea kwa sababu alihesabu.

(b) Mfuko wa elimu wa parokia. Tunachangia sherehe za harusi kwa ukarimu mkubwa. Tutenge sehemu ya moyo huo kwa mfuko wenye kamati ya watu waaminifu, wanawake wakiwa nusu. Nusu ya msaada iwe ya wasichana, na vigango vya mbali vitangulie.

(c) Mahali pa kulala. Yapo majengo ya zamani ya misheni yaliyobaki kuwa ghala. Kwa idhini ya Baba Askofu, yageuzwe kuwa bweni la wasichana wa sekondari ya kata, chini ya uangalizi wa mama mlezi. Serikali imejitahidi kujenga shule ya wasichana ya sayansi katika kila mkoa, lakini kila mkoa una wilaya na kata nyingi.

(d) Kumrudisha aliyeacha. WAWATA wawatembelee mabinti waliojifungua, wazungumze na wazazi, na waandamane nao hadi kwa mwalimu mkuu. Kwa asiyeweza kurudi darasani, ipo Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, na vipo vyuo vya maendeleo ya wananchi.

(e) Kutokushiriki uovu. Kiongozi wa walei asikae katika kikao cha kuuza kesi ya mwanafunzi. Nasi mapadre tunakumbushwa na Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1072, kuwaepusha vijana na ndoa za mapema. Cheti cha ubatizo kisomwe umri wake kabla ya kutangaza ndoa.

(f) Kukaa katika vikao. Mkutano mkuu wa kijiji na kamati ya shule ni mahali pa ushuhuda wa Mkristo. Ulizeni ruzuku imeingia kiasi gani na imetumikaje. Ulizeni walimu wangapi wamepangwa na wangapi wamefika. Ulizeni kwa adabu, lakini ulizeni, na jibu liandikwe.

HITIMISHO

Tumeona kwamba tofauti hizi zilitengenezwa na binadamu: na ukoloni, na soko, na mila zilizopindishwa, na ukimya wetu. Kilichotengenezwa na binadamu, binadamu anaweza kukitengeneza upya. Siku ya hukumu hatutaulizwa tu kama watoto wetu wenyewe walifaulu. Tutaulizwa pia habari za yule aliyekuwa akipita mbele ya nyumba yetu na ndoo kichwani, saa ambayo wenzake walikuwa darasani.

Nawaombeni mrudi vigangoni na jambo moja tu la kuanzia: kabla ya Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, kila jumuiya iwe imefungua daftari lake. Mengine tutayajenga juu ya hilo. 

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika eneo letu, ni watoto wangapi walioanza darasa la kwanza lakini hawakumaliza kidato cha nne? Wasichana ni wangapi? Sababu zilikuwa zipi?

2. Fedha inapokuwa haitoshi nyumbani, tunaamuaje nani asome? Je, mama na watoto wenyewe husikilizwa?

3. Ni mila zipi za kwetu zinazomsaidia kijana kusoma, na zipi zinamzuia? Wazee wetu wanashauri nini?

4. Binti wa jumuiya yetu akijifungua angali mwanafunzi, tutafanya nini katika juma la kwanza, na tutafanya nini mwaka unaofuata?

5. Kati ya mapendekezo sita ya mada hii, ni lipi tunaloweza kuanza nalo mwezi huu, na ni nani atakayelisimamia?